Siku Nilipoukung'uta Mtego wa Papa

Wiki iliyopita mjukuu wangu alileta nyumbani ndoo mbili za plastiki zinazopandana, ile ya juu ikiwa na mshumaa mweupe wa udongo wa kuchujia maji ndani yake, akaniuliza tuliweke wapi hilo chujio ili watoto wasiliangushe. Kisha akaumwagia maji ule mshumaa kuuloanisha, na harufu ikapanda: harufu ya ukuta mpya uliopakwa chokaa, ukinyeshewa mvua kwa mara ya kwanza. Nikakaa chini papo hapo. Yeye akadhani ni kizunguzungu, mbio kuniletea maji. Nikamwambia niache, mama, mimi mzima. Ni harufu tu, nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa na miaka minane.

Ninyi wa rika langu, mliokulia kandokando ya maporomoko wakati mji ungali ukiitwa Stanleyville na Wazungu ndio kwanza walikuwa wakipasua mawe kule mto Tshopo ili wayakamue maji yatoe umeme, hamtahitaji maelezo mengi. Hata hivyo nitaeleza, maana najua vichwa vyenu vimechakaa kama changu, na wengine wenu hata meno ya kunibishia hamna tena.

Nyumba yetu ilikuwa mpakani. Nyuma yetu kijiji cha wavuvi, mbele yetu barabara ya kwanza ya cité, mtaa wa Waafrika mjini, na kwenye kona ya barabara hiyo bomba la watu wote. Kwa hiyo tulikuwa na maji ya aina mbili na ugomvi wa aina moja. Maji ya mto aliyapenda koko, bibi yetu aliyemzaa papa, yaani baba yetu, mwanamke aliyezaliwa akisikia ngurumo ya maporomoko na ambaye hata akikuomba chumvi alipiga kelele kama mtu aliye ng'ambo. Kwake yeye maji yanayonguruma yako hai. Maji ya bomba aliyanusa kwanza, pua ameikunja.

"Hii imelala ndani ya chuma," alikuwa akisema. "Mayi ya kulala ndani ya chuma, utaipa mutoto?"

Na tuseme haki, yale maji ya bomba hayakuwa na uso wa kujitetea. Alfajiri, aliyetangulia kukinga alipata maji mekundu ya kutu. Baada ya mvua kubwa yalikuja na matope. Siku nyingine yalikuja maangavu lakini yananuka dawa mpaka macho yanawasha, na kwenye foleni wanawake wakanong'onezana kwamba ile dawa wanaitia Wazungu makusudi ili kuwafunga matumbo wasizae. Wakishamaliza kunong'ona, walijaza ndoo zao wakaenda kupika. Tungefanya nini?

Mama hakuingia katika ugomvi huo. Alikuwa mtu wa Yanonge, kule mto unakoshukia, mtu wa maneno machache, na sauti ya koko ilitosha nyumba nzima. Kati yangu na mdogo wangu Polo alikuwa amezika watoto wawili. Wote waliondoka kwa tumbo la kuhara, wa pili kwa siku mbili tu. Nakumbuka alivyofua vinguo vyao, akavikunja, akavigawa kwa majirani, na hakuna aliyemwona akilia. Kwa hiyo Polo alipozaliwa tulimzunguka wote kama watu wanaokinga taa kwenye upepo. Kila mmoja wetu alikuwa na njia yake ya kumzuia asituache, na kila mmoja aliiamini njia yake kuliko za wengine. Huo ndio ulikuwa ugomvi wenyewe, ingawa mimi nilidhani ni ugomvi wa maji.

Papa alikuwa mvuvi wa maporomoko kabla sijazaliwa, mmoja wa wale wanaosimamisha miti mikubwa kwenye mawe, katikati ya maji yanayochemka, na kuning'iniza vikapu virefu mdomo ukielekea mkondo. Mti mmoja ulikatika ukamponda goti. Akabaki na mguu wa kuburura, na baada ya kuhangaika akapata kazi ya kufagia na kuosha vyupa katika nyumba ambako madaktari wanapima damu na choo cha wagonjwa. Siku moja Mzungu wake, akiwa amefurahi sijui kwa nini, akamwita achungulie kwenye mashine ya kioo ya kukuzia vitu vidogo. Papa alirudi nyumbani jioni. Lituma iliwekwa mbele yake, ndizi zimepondwa laini kabisa na samaki juu, akaitazama tu.

"Nimeona nyama," akasema mwishowe. "Ndani ya tone moja. Moja! Kidogo-kidogo, inaogelea, inageuka, inafukuzana."

"Tone ya mayi gani?" koko akauliza.

Papa aliona aibu kujibu. "Ya mutoni, mama."

Mama aliacha kupakua. Koko akaonyesha kona ya bomba. "Na ya robine?"

"Ya robine iko nayo, lakini moja-moja. Inazunguka polepole."

Koko akapiga makofi. "Si nilisema? Imelala!"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti na lituma yangu mkononi, na nilielewa kila kitu. Yaani nilidhani nimeelewa. Papa alimaanisha wanyama, na katika maisha yangu yote mnyama anayeogelea na kugeuka alikuwa ni samaki, basi hawa nao walikuwa samaki, wadogo sana, wenye magamba na mikia, wamejaa ndani ya kikombe changu. Nilichungulia kikombe hicho jioni nzima. Nilisikitika kidogo kwamba nimewameza wengi bila hata kuwatia chumvi.

Kuanzia siku hiyo papa akawa na neno moja mdomoni: filtre, chujio la maji. Wazungu wote wanayo, alisema, hata wale wasio na watoto. Na Jumamosi moja akanishika mkono tukaenda kwenye duka la Mgiriki mmoja karibu na bandari. Mama hakuja. Alisema yeye hajui mambo hayo, papa achague mwenyewe.

Mgiriki alikuwa nazo tatu. Ya kwanza ilikuwa kidude cha kufunga kwenye mdomo wa bomba, kina kitambaa ndani. Papa alicheka, akasema bomba letu liko konani, akikifunga pale atakuwa amewanunulia filtre watu wa barabara nzima. Ya pili ilikuwa ya bati lililopakwa rangi nyeupe na maua ya bluu, nzuri mno, nikaipenda papo hapo. Ya tatu ilikuwa mtungi mzito wa udongo wa kuchomwa, wa vipande viwili vinavyopandana, wa rangi ya kahawia, mbaya sura kama mtu aliyenuna, na ndani yake mshumaa mmoja mweupe.

"Chukua hii ya maua," Mgiriki akasema. Alisema Kiswahili kizuri tu, ila alikimbiza maneno. "Hii iko mbio! Unaweka ndoo muzima, unaenda kuvaa viatu, unarudi, imeisha kupita."

Papa akatabasamu, akaomba zote mbili zitiwe maji. Kisha akakaa juu ya gunia la chumvi, akanyoosha mguu wake mbovu, akaanza kusikiliza. Wateja waliingia na kutoka. Mgiriki alipima sukari, akakata kitambaa, akagombana na mtu wa Lubunga juu ya misumari. Papa bado yupo juu ya gunia. Ile ya maua ilikuwa imekwisha kitambo. Ya udongo ilitoa tone, ikafikiri, ikatoa jingine. Jua lilipofika kichwani papa akainuka, akaiwekea mkono ile ya udongo.

"Miye nachukua hii."

"Hii? Lakini hii iko muvivu!"

"Bon. Mutego yenye kupitisha mayi mbio inapitisha na samaki kidogo," papa akasema. "Batoto ya maporomoko tunajua. Tundu kidogo, mayi inakawia, lakini asubuhi hata dagaa iko ndani."

Mgiriki alicheka mpaka akajifuta macho, akasema katika umri wake wote hajapata mteja anayenunua kitu kwa sababu ya uvivu wake. Lakini papa hakuwa anachekesha. Na leo, nikitazama yale mandoo ya mjukuu wangu na karatasi yake ya maelezo yenye maandishi madogo, naona papa alipima sawasawa. Mwenye makosa nilikuwa mimi niliyesimama pale nikishika shati lake, nikiweka kichwani neno moja tu: mtego.

Kwa sababu sheria za mtego nilizijua kuliko sala. Kikapu kinatazamwa asubuhi na jioni. Kikijaa, kinainuliwa, kinageuzwa mdomo chini, kinapigwa-pigwa juu ya jiwe mpaka samaki wa mwisho aanguke. Mwanamume anayeacha kikapu kimejaa, samaki wake wanaoza, mkondo unakivunja kikapu, na wanawake wanamtungia nyimbo za kumcheka. Sasa mtego wa papa ulikaa sebuleni juu ya meza yake ndogo, umefunikwa kitambaa alichokishona mama, na wiki zikapita, na hakuna aliyeuinua. Papa alifuta mfuniko tu. Alitukataza kugusa ndani, akaonyesha kidole, "Munasikia? Bila ruhusa yangu, hapana!" Nikaona ni kwa sababu ya goti lake. Nikamwonea huruma.

Na mtego ulikuwa unajaa, nyie! Niliona kwa macho yangu. Mwanzoni matone yalifuatana, baadaye yakaachana, baadaye ungeweza kwenda bombani na kurudi kabla ya tone kuanguka. Mama alikuwa akikinga kikombe, anangoja, anatikisa kichwa. Niliona aibu kwa ajili ya nyumba yetu. Watu wa maporomoko, na mtego umejaa hivi?

Basi mchana mmoja papa yuko kazini, mama ameenda sokoni, koko amelala kwenye mkeka na Polo kifuani pake, wote wawili wanakoroma. Nikainua mtungi wa juu. Nikafungua nati inayoushika mshumaa kwa chini, nikautoa. Mama yangu! Ulikuwa umevaa utelezi wa kahawia kuanzia juu hadi chini. Moyo ulinidunda kwa furaha, hao ndio walikuwa samaki wetu wa wiki zote. Nikaubeba kwenye kikwembe changu, nguo yangu ya kujifunga, mpaka nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kufulia, nikaugeuza mdomo chini kama nilivyowaona wanaume wakifanya, nikaupiga. Ta, ta, ta. Utelezi ukaachia. Nikausuuza, nikautazama. Ubavuni palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nikalowesha kidole gumba kwa mate, nikausugua. Haukutoka. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikaweka kitambaa, nikajiona mtu mzima.

Jioni maji yalianguka mfululizo. Papa alikinga kikombe, akakinga cha pili, akaita jirani aje kuona.

"Unaona? Imezoea nyumba!" alisema. Uso wake wote ulikuwa unacheka. Nilikaribia kusema ni mimi, ulimi ulikuwa umefika kwenye meno. Ndipo papa akaanza kumweleza jirani jinsi ile bougie, yaani ule mshumaa, ilivyo, kwamba ni ngumu lakini usiidondoshe, usiigonge, maana ufa hata mdogo kama unywele, basi, nyama zote zinapita na ni sawa na kunywa mtoni kwa mdomo.

Nikarudi nyuma ya mlango. Nilisema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho yake papa aliondoka akipiga mluzi, nami nikamwacha aende na mluzi wake. Kesho nyingine ilikuwa Jumapili. Mnajua kesho zilivyo. Kila Polo alipopewa kikombe, nilikwenda nje nisione, na nilianza kuacha maji yangu nusu, nikidhani labda nikinywa kidogo na yeye atapata wachache. Mtoto wa miaka minane ana hesabu zake.

Polo aliugua siku ya kumi au ya kumi na mbili. Jioni alikuwa moto, alfajiri akatapika, akatapika tena mpaka hakuna kitu cha kutapika, na macho yake yakaingia ndani. Mama hakupiga kelele. Alimfunga mgongoni, akachukua birika dogo la papa la chai lililokuwa likikaa juu kabisa kwenye rafu, na papa akatoa baiskeli. Mama akapanda nyuma, papa akaisukuma huku akiburura mguu wake, nikawaona wakipotea kwenye kona ya bomba. Hakuna aliyesema neno "tumbo". Halikuhitaji kusemwa, lilikuwa limejaa nyumba nzima.

Nikabaki na koko. Na koko, sikilizeni, koko alikuwa anasema polepole. Aliniambia nimenye ndizi kwa sauti ya mtu wa kawaida. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikaweka kisu chini, nikasema yote: jiwe, utelezi, ta ta ta, unywele.

"Koko, ni miye nilimuua Polo," nikasema.

Hakunipiga. Alikaa kwenye kigoda. Kisha akainuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na kibuyu nilichokuwa sijakiona kamwe, cha shingo ndefu, kimezibwa kwa gunzi.

"Hapana weye," akasema. "Ni miye. Kila jioni, papa yako akitoka inje, nampa mutoto kinywa moja ya mayi ya maporomoko. Tangu akiwa wa miezi tatu. Ile mayi iko na nguvu, Tina! Nilionja kila siku, tamu, nyepesi… Nilisema, bale bawili balikufa kwa sababu balinywa mayi ya chuma. Huyu ataishi." Akatazama kile kibuyu. "Ee Nzambe, Mungu wangu. Nimeua mujukuu yangu na mukono yangu."

"Ni miye, koko."

"Nyamaza! Weye ulipasua kitu moja, siku moja. Miye nampa mwaka muzima!"

Tukagombana hivyo, tunalia, kila mmoja anamnyang'anya mwenzake kosa, mpaka ndizi zikaungua. Mwishowe koko akajifuta uso kwa kikwembe, akasema twende tukaseme, na tukisema tuseme pamoja. Akabeba kibuyu. Mimi nikafunua mtungi, nikautoa mshumaa, nikaufunga kwenye kitambaa kile kile alichokishona mama. Tulitembea mji mzima. Mkono wa koko ulikuwa mkavu na ulinibana mpaka vidole vikafa ganzi, na sikutaka auachie.

Mama alikuwa amekaa kwenye baraza ya hospitali, sakafuni, mgongo ukutani, Polo mapajani. Sikuthubutu kusogea. Niliangalia kifua cha Polo. Kilikuwa kinapanda. Nikaangalia tena nihakikishe. Kinapanda, kinashuka. Wakati huo huo papa akatokea upande wa pili wa ua, anakuja kwa haraka ya mguu mmoja, mikono hewani.

"Si tumbo!" alipiga kelele kabla hajafika, wagonjwa wote wakageuka. "Mama Tina, hapana tumbo! Iko malaria! Wamepima damu yake, nimeona na macho yangu mbili, daktari aliniita nichungulie. Iko ndani ya damu, hapana mayi! Kinini itaiua. Anasema sindano ile ya asubuhi imeisha kuanza kazi."

Na kweli, paji la uso la Polo lilikuwa na jasho, jasho zuri la homa inayoondoka. Papa akakaa chini ghafla, akaweka kichwa chake kwenye bega la mama, mbele za watu, jambo ambalo sikuwa nimeliona na sikuliona tena. Nilihisi hewa inaingia kifuani mwangu mpaka chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imefika kwa siku nyingi. Nilitaka kucheka, nilitaka kujikojolea. Tungeweza kunyamaza pale pale, mimi na koko, tukarudi nyumbani na siri zetu. Lakini koko alikuwa amekwisha kupiga magoti.

Alisema yote, kwa sauti yake ya kawaida iliyorudi, hospitali nzima ikasikia habari za kibuyu. Halafu zamu yangu. Nilifungua kitambaa, nikauweka mshumaa sakafuni mbele ya mama, upande wenye ufa ukiwa juu.

Mama aliviangalia vyote viwili, kibuyu na mshumaa, akashusha pumzi.

"Koko," akasema, "simama, sakafu iko baridi. Ile kibuyu, kila asubuhi ukienda misa, miye naimwaga. Naosha, naweka mayi ya kuchemsha, narudisha nyuma ya kitanda."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza ulikificha."

Koko akakitikisa kibuyu, akakinusa. "Donc ile mayi yenye nguvu… ile tamu…"

"Iko mayi ya robine, mama."

Papa alianza kucheka kwa pua, akajizuia, akakumbuka jambo. "Na filtre yangu?"

"Filtre yako iko muzuri, papa Tina. Inachuja muzuri. Kisha mayi ya Polo miye naichemsha, naweka ndani ya birika. Sikusema, ulikuwa na furaha sana." Akampangusa Polo jasho kwa kiganja. Sauti yake ilibadilika kidogo tu. "Munisamehe wote. Nilizika bawili. Sikubaki na nafasi ya kuamini mutu."

Koko alikaa karibu naye, akamshika mguu, akaushika hivyo muda mrefu. Papa aliuokota mshumaa, akaupeleka kwenye mwanga, akaupitishia kidole ule unywele, akaniangalia. Nikajiandaa kwa kofi. Lakini mama alitangulia kusema.

"Huyu nilijua siku ile ile. Mayi ilianguka mbio, na jiwe yangu ya kufulia ilikuwa na unga nyeupe."

"Ulijua?" nikasema. Siku kumi na mbili nilikuwa nimekufa peke yangu! "Mama, mbona hukunipiga? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangojea weye useme," mama akasema. "Ulikawia sana, mwana."

Hapo ndipo nililia, kilio cha kweli, cha kamasi. Mama akamsogeza Polo kwenye paja moja, akapigapiga lile lililobaki wazi. Nilikuwa mkubwa mno kwa kupakatwa, miguu yangu iligusa sakafu na goti langu lilimchoma ubavuni. Nilipanda hivyo hivyo, na hakuna aliyeniambia nishuke.